Kufanya kazi ya tiba ya muziki Uganda: kuanzia masomo hadi kukomaa katika fani

Vijana wengi wanaotaka kuingia katika kazi hii huanza kwa kuuliza habari za ala: ninunue gitaa au kibodi, nijifunze adungu, kinubi cha kienyeji, au nitosheke na ngoma? Ni swali zuri, lakini linakuja mapema mno. La kwanza ni hili: nitamhudumia nani, na baada ya miezi mitatu nataka kuona nini kimebadilika kwake? Ukiweza kulijibu kwa sentensi moja iliyonyooka, umeshaianza kazi. Usipoweza, hata ukiwa na sauti ya kuwatoa watu machozi, bado wewe ni mwanamuziki anayetembelea wagonjwa. Hiyo nayo ni kazi njema na inahitajika sana, ila si tiba.

Namwandikia anayeishi Uganda na kutumia Kiswahili, awe Kampala, Arua, Bombo, au katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, ambako Kiswahili huwakutanisha watu wa lugha nyingi.

Hatua ya 1: Ielewe kazi yenyewe

Tiba ya muziki ni muziki uliopangwa, unaotumiwa na mtu aliyefundishwa, ili mtu fulani afikie lengo fulani la afya. Lengo linaweza kuwa la mwili, la akili, la lugha au la mahusiano. Kuimba vizuri halimo miongoni mwa malengo hayo. Mgonjwa anaweza kuimba nje ya sauti mwaka mzima na akapona vizuri tu.

Fani hii si changa. Marekani ilianza kufundishwa vyuoni Michigan mwaka 1944, kisha Kansas mwaka 1946, wakati hospitali zilikuwa zimejaa askari walioumizwa na vita. Uingereza, mwaka 1959, mtunzi wa muziki Paul Nordoff na mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu Clive Robbins walianza kufanya kazi pamoja na watoto wenye ulemavu, mmoja akiwa kwenye piano na mwenzake akiwa kando ya mtoto. Mpangilio huo wa watu wawili bado ni mzuri mno kwa anayeanza, na nitaurudia huko chini. Shirikisho la Dunia la Tiba ya Muziki liliundwa mwaka 1985.

Jifunze pia kwa nini muziki unafanya kazi, maana daktari atakuuliza. Mfano ulio rahisi kueleza ni wa kiharusi. Kwa watu wengi, lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ukiharibika, mtu anaweza kushindwa kusema "naomba maji", lakini akaimba wimbo wa utotoni bila kukosea neno, kwa sababu wimbo hutegemea pia sehemu nyingine za ubongo. Watafiti wa Boston walitumia jambo hilo kubuni njia ya kumrudisha mtu kwenye usemi: maneno mafupi yanaimbwa kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukigonga kila silabi, halafu uimbaji unapunguzwa kidogo kidogo hadi yabaki maneno ya kawaida. Waliichapisha mwaka 1973. Mfano wa pili ni mwendo: mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye miguu yake hukwama njiani mara nyingi hutembea vizuri zaidi akisikia pigo la ngoma lisilobadilika, kwa sababu sikio huupa mwili saa ya kuifuata.

Jua na mipaka. Huandiki dawa, humwambii mtu aache dawa, wala huondoi mapepo. Hili la mwisho lisemwe wazi, kwa sababu katika sehemu nyingi za nchi hii ngoma inahusishwa na mizimu, na baadhi ya waumini hawataki kuisikia karibu na mgonjwa wao. Kabla hujaitoa ngoma kwenye gunia, keti na familia, waeleze utakachofanya, na waulize kama kuna ala au wimbo wasioutaka. Wakikataa ngoma, tumia sauti, makofi au gitaa. Usishindane na imani ya mtu aliyelazwa.

Hatua ya 2: Panga masomo

Njia ya watu wengi hapa ni kuweka msingi nyumbani, kisha kusomea tiba ya muziki yenyewe nje ya nchi. Msingi una miguu miwili, muziki na afya, na huna budi kuwa nayo yote. Makerere ina idara ya sanaa za maonyesho, na pia inafundisha saikolojia. Kyambogo ina muziki, na ni chuo kinachojulikana kwa elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Ukisoma muziki, tafuta mafunzo ya ushauri nasaha au malezi ya watoto wenye ulemavu. Ukiwa muuguzi, mshauri nasaha au mwalimu, basi fanyia kazi muziki wako kila siku.

Kwa shahada ya uzamili, chuo cha kufikiria kwanza barani ni Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Kule wataalamu wa tiba za sanaa husajiliwa na baraza la taifa la taaluma za afya, yaani jina la kazi linalindwa na sheria. Uingereza pia utahitaji shahada ya uzamili na usajili. Marekani unaweza kuanza na shahada ya kwanza, lakini ni lazima umalize saa 1,200 za mafunzo kwa vitendo kisha ufanye mtihani wa bodi. Uganda ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo tazama ufadhili wa masomo wa Jumuiya hiyo kila mwaka unapotangazwa. Anza kukusanya vyeti na barua za wadhamini mapema, kwa sababu wanaokosa nafasi kwa kuchelewesha karatasi ni wengi kuliko wanaokosa kwa uwezo.

Kozi fupi ya intaneti ina faida yake, lakini haikupi haki ya kujiita mtaalamu wa tiba ya muziki. Ukiwa bado njiani, jiite mwezeshaji wa muziki katika afya, na ufanye kazi chini ya mtu mwenye leseni: mwanasaikolojia, muuguzi wa afya ya akili au mtaalamu wa utengamao. Nasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wa akili wa nchi hii wameshauziwa ahadi nyingi na watu wasio na ujuzi. Fani yetu isiongezwe kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 3: Tengeneza mikono na masikio ya kazi

Mwanamuziki wa jukwaani huchagua ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo, unaomfaa yeye. Wewe utafuata ufunguo wa mgonjwa, hata akianzia mahali pasipo na jina kwenye kibodi. Jizoeze hivi: mwombe rafiki aanze kuimba wimbo wowote bila kukuonya, nawe umfuate kwa gitaa au sauti ndani ya mistari miwili. Fanya hivyo hadi mkono uache kuwaza.

Kusanya nyimbo kwa lugha na kwa rika. Mzee aliyelazwa hospitali ya Mulago akitokea Masaka ana nyimbo zake, mama wa Kivu aliyeko Nakivale ana zake, na kijana wa Gulu ana zake. Kwa kila lugha ya watu unaowahudumia uwe na angalau wimbo wa kumbembeleza mtoto alale, wimbo wa kazi, wimbo wa ibada wa dini zilizopo, wimbo wa michezo ya watoto, na kitu ambacho redio ilikuwa ikipiga watu hao walipokuwa na miaka 20. Uliza maana ya kila mstari. Kuna nyimbo zinazosikika kama za furaha kumbe ni za msiba.

Kuhusu ala, anza na chache. Gitaa, ngoma mbili za mkono zinazolingana ukubwa, manyanga mepesi, na ala moja ya kienyeji unayoimudu. Adungu ya West Nile ni laini, inakaa mapajani, na mgonjwa dhaifu anaweza kugusa uzi mmoja tu akasikia kitu kizuri. Akogo ya Teso, ala ndogo inayopigwa kwa vidole gumba, inafaa vidole vinavyofanya mazoezi baada ya jeraha. Amadinda, yaani marimba ya mbao, ni nzuri kwa kundi, kwa sababu wapigaji hukaa wakitazamana na sehemu ya mmoja haikamiliki bila ya mwenzake. Endere na filimbi nyingine za mdomo ziache kwa matumizi ya mtu mmoja tu. Hospitalini kitu kisichofutika kwa dawa ya kuua vijidudu hakipiti kitanda hadi kitanda.

Ngoma zinunue kwa mafundi wenyewe. Pale Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, mafundi wamejipanga kando ya lami na utaijaribu kabla ya kulipa. Gonga katikati, gonga ukingoni, sikiliza kama ngozi inajibu sawasawa pande zote. Msimu wa mvua ngozi hulegea na sauti huwa ya kukaba, basi ianike juani kabla ya kikao.

Hatua ya 4: Chagua watu wako

Usijaribu kumhudumia kila mtu. Chagua kundi moja kwa miaka miwili ya kwanza, ulijue kwa kina. Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, ni mahali pa kujifunza kuhusu maradhi makali ya akili. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago tangu 1967, ina watoto wanaokaa muda mrefu mbali na nyumbani. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993, inahudumia watu wanaokaribia mwisho wa maisha na jamaa zao. Kuna shule zenye vitengo vya watoto wenye usonji na mtindio wa ubongo. Kuna makazi ya wakimbizi, ambako huzuni na hofu ya vita vimekaa ndani ya watu kwa miaka.

Ushauri wangu: kama una subira ya kurudia jambo lile lile wiki kumi bila kuchoka, nenda kwa watoto. Kama unaweza kukaa kimya karibu na mtu anayelia bila kutafuta maneno, nenda kwa wakimbizi au kwa wagonjwa wa mwisho wa maisha.

Hatua ya 5: Ruhusa

Hospitalini, barua huenda kwa mkurugenzi, lakini mazungumzo ya kweli ni na muuguzi mkuu wa wodi. Yeye ndiye anayejua saa za dawa, saa za chakula, na nani alipigana na nani jana. Mpelekee mpango wa ukurasa mmoja. Kwenye makazi ya wakimbizi utahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, na ni rahisi zaidi ukiwa chini ya shirika ambalo tayari linafanya kazi pale.

Soma Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kwa vitendo maana yake ni hii: mgonjwa au mlezi wake akubali kwa kuelewa, anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma nyingine, na picha au video yake haiendi kwenye simu yako binafsi, seuze kwenye mitandao. Video ya mgonjwa akicheza itakupa sifa ya wiki moja. Yeye itamfuata kijijini kwao maisha yote.

Hatua ya 6: Tathmini, kisha lengo la kuhesabika

Vikao viwili vya kwanza ni vya kutazama. Mtu huyu anaitikia sauti gani? Anavumilia kelele kiasi gani? Ana kifafa? Anasikia masikio yote mawili? Alipitia vita, na mlio wa ghafla unamfanyaje? Ngoma kubwa ikipigwa ghafla nyuma ya mtu aliyekimbia risasi inaweza kumtupa chini ya meza.

Kisha andika lengo. "Mtoto achangamke" halipimiki. Linganisha na hili: "Ndani ya wiki 10, mtoto asubiri zamu yake kwenye ngoma mara 4 kati ya 5 bila kushikwa mkono. Leo anasubiri mara 1 kati ya 5." Hili la pili muuguzi analielewa, mama analielewa, na mfadhili analielewa. Kwa watu wazima wenye sonona, omba mhudumu wa afya aliyefundishwa atumie dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27, kabla ya vikao kuanza na baada ya kumalizika.

Hatua ya 7: Endesha kikao

Chukua mtoto wa miaka 6 mwenye usonji asiyezungumza. Dakika 30, chumba kile kile, saa ile ile. Unaanza na wimbo wa salamu wenye jina lake, mfupi, kwa lugha ya nyumbani kwao. Unaimba hadi kabla ya jina, unanyamaza, unasubiri. Sekunde kumi ni ndefu sana ukiwa umenyamaza, lakini subiri. Akikutazama, akiguna, akigonga sakafu, chukua hilo kuwa jibu, malizia jina kwa furaha. Wiki ya nne au ya tano huenda akaguna kabla hujafika hapo, nawe utajua anakutarajia.

Halafu ngoma mbili. Akigonga kwa kasi, gonga kwa kasi yake, lakini chini kidogo ya sauti yake. Baada ya dakika moja punguza mwendo kidogo tu. Akifuata, mnazungumza. Asipofuata, rudi kwake, hujashindwa. Kisha simamisha mikono yako hewani. Kimya hicho ndicho zamu, na hapo ndipo unapohesabu zile mara 4 kati ya 5. Ukiwa na msaidizi, yeye akae nyuma ya mtoto na asifanye chochote isipokuwa mtoto akihitaji mwili wa kuegemea. Hapa ndipo mpangilio wa Nordoff na Robbins unapokuokoa. Mwishoni wimbo wa kwaheri, ule ule kila wiki, na mtoto mwenyewe arudishe manyanga kwenye gunia.

Kundi ni jambo jingine. Tuseme umeketi na akina mama kumi kwenye mkeka huko Nakivale. Unamwomba anayetaka aanzishe wimbo wa nyumbani. Mmoja anaanzisha wa harusi, wenzake wanapokea, na mama wa pembeni anainama na kulia. Usikate wimbo ghafla, usirukie wimbo wa kuchekesha. Punguza sauti, shikilia pigo la chini kwa kiganja, muache jirani yake amshike bega. Wimbo ukiisha wenyewe, kaeni kimya kidogo, kisha uliza: "Mama, ungependa kusema kitu, au tuendelee kukaa nawe hivi?" Jibu lolote ni sawa. Usimlazimishe kusimulia. Baada ya kikao mtafute faraghani, na ukisikia dalili za kutaka kujidhuru usimwache peke yake, mpeleke kwa mhudumu wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Jina la mhudumu huyo na namba yake uwe nazo kabla kundi halijaanza.

Watu wakiwa na huzuni, anza na muziki unaofanana na huzuni yao, ndipo usogee taratibu. Ukianza na shangwe unawaambia hujawaona.

Hatua ya 8: Andika siku hiyo hiyo

Tarehe, waliokuwepo, lengo, ulichofanya, ulichoona, kitakachofuata. Tenganisha ulichoona na unachodhani. "Aliinamisha kichwa na kulia kama dakika 2, kisha akaimba kiitikio" ni maelezo. "Alipona moyo" ni dhana. Faili lifungiwe kwenye kabati, na kwenye ripoti ya nje tumia namba badala ya majina.

Kumbukumbu hizi ndizo zitakazokukuza. Nimeona waimbaji hodari wakiachwa mradi ukiisha, na wengine wa sauti ya kawaida wakiongezewa mkataba kwa sababu waliweza kuonyesha, kwa kurasa tatu, nani alibadilika na kwa kiasi gani.

Hatua ya 9: Kipato na kukomaa

Wengi huishi kwa kuchanganya: siku mbili shuleni, siku moja hospitalini, familia chache zinazolipa zenyewe, na mradi wa shirika unapopatikana. Mashirika huwa na fungu la afya ya akili na msaada wa kisaikolojia, kwa hiyo andika pendekezo lako kwa lugha hiyo. Weka ndani yake nauli, ukarabati wa ala, na malipo ya msimamizi wako wa kitaaluma. Kujitolea bila mwisho si heshima kwa fani. Toa majaribio ya wiki 8, andika ripoti, kisha zungumzeni bei.

Msimamizi ni lazima, hata kama mnakutana kwa simu ya video mara moja kwa mwezi na yeye yuko nchi nyingine. Unampelekea vikao vilivyokukwamisha, na unamweleza pia vile ulivyovipenda mno, kwa sababu huko nako mtu hupotea. Uwe na mahali pako pa kupumulia: kwaya, bendi, au dakika ishirini za kupiga usipomhudumia mtu yeyote. Sikio linachoka.

Omba nafasi ya dakika kumi kwenye mkutano wa asubuhi wa wodi, uelezee mgonjwa mmoja. Ukirudia hivyo kila robo mwaka, madaktari wataanza kukutumia wagonjwa wenyewe. Kongamano la dunia la fani hii hufanyika kila baada ya miaka mitatu. La 2020 lilipangwa Pretoria na likafanyika kwa intaneti, na tangu hapo imekuwa rahisi zaidi kwa Mwafrika kuwasilisha kazi bila tiketi ya ndege.

Ukitaka kugeuza kazi yako iwe utafiti, usianze kukusanya chochote kabla ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Peleka maombi na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ambayo washiriki wanaiongea kweli, na usome fomu hiyo kwa sauti mbele ya mmoja wao kabla hujaichapa.